Kigari cha gofu nacho kina bima yake

Dada, umeuliza kama kigari cha mumeo kina haja ya bima ilhali hakitoki kiwanjani hapo Nyali. Ninasema mkatie. Kikiingia barabara ya umma, hata kuvuka tu, Sheria ya Bima ya Magari ya Kenya, Sura ya 405, yataka kiwe na bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayomfidia mtu mwingine ukimuumiza. Ndani ya uwanja wa kibinafsi jambo ni jingine, lakini ukimuumiza mtu fidia ni juu yako palepale.

Nilishuhudia kimoja: breki ya kuegesha haikubanwa sawasawa, kikateremka polepole bila hata mlio, kikambana mguu kijana aliyeinama kuokota mipira. Mwenye kigari alitegemea bima ya nyumba. Kumbe kwenye hati yake vyombo vyote vya mota vimeachwa nje. Alilipa hospitali mwenyewe, na yule kijana akakaa miezi bila kazi. Iliniuma sana.

Mwulize ajenti kuhusu abiria, wizi wa betri (hizo ndizo ghali), na mtoto akikiendesha itakuwaje. Majibu akupe kwa maandishi.