Panya kupanda presha baada ya esirini: hamjakosea, msiitupe rekodi

Ndugu muuliza swali, umesema mlimdunga panya esirini (dawa inayozuia kolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini), presha ikapanda badala ya kushuka, na msimamizi akawaambia rekodi imeharibika muitupe. Nawaomba msiitupe.

Yalinikuta hayo hayo nikisoma shahada ya uzamili. Panya kalala kwa uretani, dawa ya usingizi, mrija uko kwenye ateri ya shingo, presha imetulia kwenye 95. Nikampa esirini mikrogramu 100 kwa kilo, kwenye mshipa. Kalamu ya mashine ya kurekodi presha ikaanza kupanda, haikupita muda ikafika 140, ikakaa huko zaidi ya robo saa. Nikadhani donge la damu limeziba mrija. Lakini mrija ukiziba mawimbi ya mapigo hufifia, na yangu yalionekana moja moja. Nikausukuma kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, namba ikabaki pale pale.

Kitabu hakidanganyi: asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, ikiingia kwenye damu hulegeza mishipa na kupunguza mapigo ya moyo. Ila esirini hupenya hadi ubongoni. Huko asetilikolini inayomwagwa na neva haivunjwi, inarundikana, na ubongo unazihimiza neva za simpathetiki, zile za kuandaa mwili kwa hatari, zibane mishipa. Mtafiti Varagić alishaieleza hali hii kwa panya tangu 1955.

Kilichonithibitishia ni dawa nyingine, neostigmini, niliyompa panya. Nayo huzuia kolinesterasi, lakini ina chaji, haivuki kwa urahisi kizuizi cha damu na ubongo. Panya alitoka mate, misuli ya taya ikawa inachezacheza, maana yake dawa imefanya kazi, na presha haikupanda. Siku hiyo nilielewa zaidi kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Mkipata nafasi, tangulizeni atropini ya methili, aina ya atropini (dawa inayozuia kazi ya asetilikolini) ambayo hubaki nje ya ubongo. Mate yatakauka, lakini esirini bado itapandisha presha. Kwa panya mwingine tumieni atropini ya kawaida, ambayo huingia ubongoni: hapo presha haitapanda. Rekodi hizo mbili mkiziweka mezani kando ya ile ya kwanza, msimamizi ataona mwenyewe.

Angalieni pia kina cha usingizi. Panya aliyezidishiwa uretani presha yake hupanda kidogo tu, na aliyelala nusu nusu anateseka, jambo ambalo hatuna ruhusa ya kulifanya. Wala msiyahamishie matokeo haya kwa mbwa. Kwake moyo kwenda polepole na presha kushuka ndiyo huonekana zaidi.