Betri ya risasi au ya lithiamu kwa umeme wa jua?

Umeuliza kwa nini betri yako ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huisha mapema usiku ilhali paneli hufanya kazi vizuri mchana, na kama inafaa kuhamia lithiamu. Kwa hesabu, betri hiyo hubeba takriban wati-saa 1,200, lakini ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwani ikishushwa chini ya hapo mara kwa mara, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na uwezo wake hupungua. Hivyo ulicho nacho hasa ni wati-saa 600, ambazo jokofu dogo na taa chache zinaweza kuzimaliza kabla ya alfajiri.

Lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake, na hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumiwa. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, lakini kwa mtu anayetegemea jua kila usiku, mimi ningeichagua bila kusita. Sharti ni kwamba kidhibiti chaji (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli unapoingia kwenye betri) kiwe na mpangilio wa lithiamu, kwa sababu ule wa risasi (hasa hatua ya kusawazisha, yenye volti ya juu) unaweza kuiharibu. Wala usiichaji katika baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Kabla ya kununua chochote, pima kwanza matumizi yako ya usiku, kisha uhakikishe kuwa paneli ulizo nazo zinatosha kuijaza betri mpya kwa siku moja.