Kuruka juu kwa mchezaji wa miaka 13
Umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 13 anazidiwa na wenzake wa rika lake katika kurukia mipira ya kichwa. Kabla ya kubalehe, mtoto huongeza kimo cha kuruka hasa kwa sababu neva zake zinajifunza kuiamsha misuli upesi. Nguvu kubwa huja baadaye, mwili unaporefuka kwa kasi, kwa wavulana wengi kwenye miaka 14 hivi, na katika miezi inayofuata, homoni ya testosteroni inapojenga misuli. Waliotangulia kubalehe watamzidi kwa muda tu, na ni kosa kubwa kumtema kwa sababu hiyo. Mtazame anapotua: magoti yakielekeana kwa ndani, afundishwe kwanza kutua vizuri.