Tumbo la kuendesha: maswali yenu wiki hii

Shikamoo daktari. Mwanangu wa mwaka na nusu anaharisha tangu jana. Nampa maji mengi lakini bado amelegea. (Mama, Tanga)

Marahaba. Kulegea ni dalili ya hatari, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya leo, ukimnywesha ORS (unga wa chumvi na sukari wa pakiti, uliokorogwa kwenye maji) njiani. Kinachomtoka si maji matupu: chumvi za mwili, yaani sodiamu, potasiamu, kloraidi na bikaboneti, zinatoka pamoja nayo. Ukirudisha maji peke yake, unazidi kuzimua chumvi kidogo iliyobaki kwenye damu. Mpe mililita 50 hadi 100 za ORS kila akiharisha, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole zaidi. Omba na vidonge vya zinki, na kama ananyonya, usimwachishe.

Kwa nini ORS ina sukari, wakati sukari inazidisha kuharisha? (Msomaji, Morogoro)

Ikiwa nyingi, kweli inazidisha. Ndiyo maana soda haifai: sukari yake inavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na sodiamu haina ya maana. Ila kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha sodiamu ikiwa tu imeongozana na glukosi, ile sukari ya ORS, na zikipita, maji yanafuata. Mlango huo haufungwi hata na kipindupindu. Mwaka 1971, kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, iliishiwa dripu. Dk. Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4. Dawa ya bei ya chini kiasi hicho, na bado watu wanakimbilia antibiotiki!

Na madafu?

Yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Kunywa kwa raha zako, lakini ORS ibaki palepale.

Naweza kukoroga nusu pakiti ya ORS kwenye glasi? (Baba Asha, Mombasa)

Usikisie. Unga haugawanyiki sawasawa, na mchanganyiko mzito unaweza kumpandishia mtoto sodiamu. Soma pakiti: kuna za lita moja na za nusu lita. Mimina yote kwenye maji safi ya kipimo hicho, uonje. Isizidi chumvi ya machozi. Ikipita siku moja, mwaga.

Mzee wangu ana miaka 70, siku ya tatu anaharisha. Miguu haina nguvu na anahema haraka. (Kijana, Dodoma)

Usisubiri kesho, mpeleke hospitali. Potasiamu ikishuka, misuli inakosa nguvu, tumbo linajaa gesi na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kuhema huko huenda ni kwa sababu bikaboneti, inayotuliza asidi, imepotea na damu imezidi asidi, mapafu yanajaribu kuipunguza. Beba na dawa zake za presha uwaonyeshe: zile za kukojoza zinaongeza upotevu wa maji na potasiamu, na daktari ndiye ataamua kama zisimame kwanza.