Nina asilimia 51 kwenye kampuni ya India, je sauti ya mwisho ni yangu?

SWALI: Habari wakili. Nauza vitambaa Kariakoo, mzigo natoa Surat. Saplaya wangu wa huko anataka tufungue kampuni hukohuko India, Pvt Ltd (kampuni binafsi ya hisa), tuweke mashine za kudarizi, mimi hisa 51 yeye 49, na yeye ndo atasimamia. Kanitumia makubaliano ya kurasa mbili nisaini, yanasema hakuna kuuza hisa kwa mtu mwingine mpaka mwenzio akubali. Kampuni ikidaiwa, nyumba yangu ya Dar iko salama? Na hiyo 51 inatosha kuwa na kauli ya mwisho?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hujasaini, wengi wananitafuta wakati mambo yameshaharibika.

Nianze na nyumba. Sheria ya makampuni ya India ni ya mwaka 2013, na inaihesabu kampuni kama mtu kamili mbali na wenye hisa, ni ule msimamo wa kesi ya Salomon ya Uingereza ya 1897 ambao mahakama za India nazo zinaufuata. Ukishalipia hisa zako zote, deni la kampuni halikugusi wewe binafsi, isipokuwa kama kuna utapeli ndani yake. Shida inaanza pale benki inapoikopesha kampuni changa, maana mara nyingi inataka wakurugenzi wasaini udhamini binafsi. Ukisaini hapo ile kinga umeivua mwenyewe, kwa sababu kifungu cha 128 cha sheria ya mikataba ya 1872 kinasema mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji, kwahiyo benki hailazimiki kuanza na kampuni kwanza ndo ije kwako. Hundi pia uwe nayo makini sana, hundi ya kampuni ikirudi kwa kukosa hela alafu isilipwe hata baada ya notisi, mkurugenzi anayeendesha kampuni anaweza kushtakiwa kwa jinai, kifungo mpaka miaka 2 au faini mpaka mara mbili ya hela iliyoandikwa.

Sasa hiyo 51, hapa ndo nataka tukae kidogo. Inakutosha kwenye maazimio ya kawaida, yani kuchagua mkurugenzi, kumwondoa, kupitisha hesabu. Lakini kubadilisha katiba ya kampuni (zile memarts unazozijua za BRELA) au kumpa mtu wa nje hisa mpya kunahitaji azimio maalum, na hilo ni asilimia 75 ya kura, kwahiyo yeye na 49 zake anakuzuia muda wowote anaotaka. Alafu kuna bodi. Mkiwa wakurugenzi wawili tu, akidi ya kikao cha bodi ni wawili, asipokuja hakuna kikao, na akija mkatofautiana kura zinafungana moja moja, wingi wa hisa zako kwenye bodi hauhesabiwi kabisa.

Na kuna hili ambalo sijui kama amekwambia: sheria inataka angalau mkurugenzi mmoja awe anakaa India siku 182 au zaidi ndani ya mwaka wa fedha. Wewe uko Dar, kwahiyo huyo ni yeye. Kura za kumwondoa unazo, ila ukimwondoa bila kuwa na mkaazi mwingine tayari kampuni yenu inakuwa imevunja sheria. Mtafute mapema mtu wa tatu anayekaa huko, unayemwamini wewe na sio aliyeletwa na yeye, aingie kwenye bodi tangu siku ya kwanza.

Zile kurasa mbili usizitegemee hivyo zilivyo. Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya Rangaraj na Gopalakrishnan mwaka 1991, kampuni ya familia, ndugu wawili nusu kwa nusu, walikubaliana mtu akitaka kuuza hisa aanze na watu wa upande wake. Baadae mtoto wa ndugu mmoja akawauzia watoto wa yule mwingine, watu wa upande wa aliyeuza wakaenda mahakamani, mwishoni wakashindwa, kisa makubaliano yale hayakuwemo kwenye katiba ya kampuni, kwahiyo hayakuifunga kampuni wala wenye hisa. Kwahiyo mwambie saplaya wako hayo masharti yote yaingie kwenye katiba yenyewe: nani anapewa nafasi ya kwanza kununua hisa, nani ana kura ya uamuzi bodi ikigawanyika, benki wanasaini wangapi. Mkiwa mnaanzisha mnaweza hata kukifunga kifungu kisibadilishwe kwa ile 75 peke yake, kwa mfano mpaka wote mkubali.

Mtaji wako tuma kwa benki, usikubali ile ya "tutakata kwenye bei ya mzigo", maana hela ya mgeni inaripotiwa benki kuu ya India, hisa zinatakiwa zitolewe ndani ya siku 60 tangu hela iingie na ripoti ipelekwe ndani ya siku 30 baada ya hapo. Hesabu na ritani za kila mwaka zikichelewa kupelekwa kwa msajili ni rupia 100 kwa siku kwa kila fomu, na zile hesabu au zile ritani zisipopelekwa miaka 3 mfululizo wakurugenzi wote mnazuiwa kuteuliwa kuwa wakurugenzi kwa miaka 5, hata wewe uliyekuwa Kariakoo hujui kinachoendelea. Kwahiyo kila mwaka mdai risiti za msajili, asikwambie kwa mdomo tu kwamba tayari.

Kwenda Surat kusaini sio lazima. Tanzania iko Jumuiya ya Madola, saini yako kwenye katiba na nakala ya pasipoti vinathibitishwa na notari wa hapohapo Dar alafu unavituma.