Biti imekuwa ya buluu, ukuta haujatoboka

Maswali ya wasomaji, majibu ya Mama Fundi

*Shikamoo Mama Fundi. Baada ya kuazima kwa miaka mitatu, hatimaye nimenunua drili ya nyundo yangu mwenyewe, ile ya kutobolea zege. Nataka kufunga rafu za chuma kwenye nguzo na boriti. Biti zangu za zamani hazikuingia kwenye mdomo wake, nikatafuta kiungo chenye taya tatu, nikafunga biti ya milimita 10. Tundu la kwanza lilinichukua dakika sita. Kwenye la pili biti ikatoa moshi, kichwa kikawa cha buluu. Nikaichovya kwenye ndoo ya maji, na nilipoirudisha ukutani ncha ikamegeka. Rafiki yangu anasema ninunue biti yenye kichwa cha msalaba. Ni kweli? Na nichague vipi? – Mwenye rafu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kila kilichomo nimekwisha kukiona kwenye mikono ya watu wenye bidii kama wewe. Biti iliyomegeka haikuwa na hatia.

Tuanze na hicho kiungo. Ndani ya drili yako mna pistoni inayokwenda mbele na kurudi. Pistoni inasukuma hewa, hewa inarusha kipande cha chuma, na chuma hicho kinagonga mkia wa biti. Shika hilo: kinagonga mkia, si mdomo. Biti ya drili ya nyundo haibanwi. Inakaa huru na kuteleza mbele na nyuma kama sentimita moja, na kazi ya mdomo ni kuizungusha tu na kuizuia isichomoke. Ukiweka kiungo chenye taya tatu, pigo linaangukia kwenye uzito wa kiungo na kufia humo humo. Kinachofika kwenye zege ni msuguano mtupu, na huo msuguano ndio uliokutolea moshi. Taya nazo hulegea kwa mtikisiko, biti ikaanza kuyumba. Kiungo chako usikitupe, kitakufaa kwa mbao na chuma ukiwa umezima nyundo. Kwenye zege kiweke kando.

Drili uliyokuwa ukiazima, iliyopokea biti zako za zamani, ilikuwa inagonga kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake mna sahani mbili zenye meno zinazokwaruzana, zinatoa vipigo vidogo vidogo makumi ya maelfu kwa dakika. Hii mpya, kama ni ya uzito wa kilo mbili hadi tatu, inagonga kama mara 4,000 hadi 5,000 tu kwa dakika, lakini kila pigo lina nguvu ya kuvunja kokoto. Ndiyo maana biti zake zina mkia wa aina yake.

Mkia huo unaitwa SDS. Ulitoka Ujerumani mwaka 1975, na herufi zake zilianzia kwenye maneno ya Kijerumani yenye maana ya chomeka, zungusha, imekaa. Ukiwa na biti mkononi, utazame mkia kabla ya kitu kingine chochote. Wenye unene wa milimita 10 na mifereji minne, miwili ikiwa wazi hadi mwisho na miwili imefungwa pande zote, ni SDS-plus. Wenye unene wa milimita 18, na mifereji mitatu iliyo wazi badala ya miwili, ni SDS-max, wa mashine kubwa. Hiyo mikia miwili haibadilishani. Kwa matundu ya rafu, ya milimita 6, 8, 10 au 12, drili ndogo yenye SDS-plus inatosha na kuzidi. SDS-max waachie wanaotoboa matundu mapana kutwa nzima.

Sasa kichwa, na hapa nakuomba usiharakishe. Mwili wa biti ni chuma cha kawaida tu. Unachonunua hasa ni kile kipande kidogo cha tangsteni kabaidi mbele, kigumu kuliko chuma chochote ulichonacho nyumbani. Wajerumani walipoanza kukiuza miaka ya 1920 walikiita Widia, yaani kama almasi. Ila ugumu una gharama yake: kinavunjika badala ya kupinda. Kinastahimili kugongwa kwa kunyooka, kikigongwa ubavuni kinamegeka.

Biti ya kawaida ina bamba moja la kabaidi lililopita katikati, hivyo ina makali mawili. Ile ya msalaba ina makali manne, na kwenye zilizo bora kichwa chote ni kabaidi tupu iliyounganishwa na mwili. Kwenye ukuta wa tofali au zege lisilo na nondo, makali mawili yanakutosha kabisa, na mimi mwenyewe natumia hizo kwa kazi nyingi. Lakini wewe unatoboa nguzo na boriti. Humo mmejaa nondo. Biti ya makali mawili ikikuta ubavu wa nondo, kali moja linaning'inia hewani na jingine linakwama kwenye chuma. Drili inataka kukunyonga kifundo cha mkono, na pigo linalofuata linamega kona ya kabaidi. Makali manne hayapati nafasi ya kukwama namna hiyo. Tena yanatoa tundu la mviringo zaidi, na boliti ya kupanuka, ile inayotanuka tunduni unapoikaza, inahitaji mviringo ili ishike pande zote. Kwa hiyo rafiki yako amesema kweli: kwa kazi yako, nunua ya msalaba.

Unapoichagua, igeuze kwenye mwanga. Angalia mahali kabaidi inapokutana na chuma. Pawe safi, pasiwe na ufa wala vishimo. Zungusha biti juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikirukaruka imepinda, iache. Mifereji ya kutolea vumbi iwe na kina na isiwe na kingo zilizochanika. Ukikuta alama ya PGM, ichukulie kwa uzito: ni alama ya umoja wa watengenezaji wa Ujerumani kwamba kipimo cha kichwa kimekaguliwa.

Urefu nao unawapotosha wengi. Namba inayoandikwa mbele mara nyingi ni urefu wote pamoja na mkia. Biti ya SDS-plus ya milimita 160 inatoboa kama milimita 100 tu, na ya 110 inatoboa kama 50. Kwa boliti zako, ya 160 inakutosha. Usichukue ndefu kwa kudhani itakufaa kwa yote, kwa kuwa ndefu inatetemeka mwanzoni na tundu linaanza pana. Nikilazimika kwenda kina kirefu, naanza na fupi, kisha narefusha.

Sasa ukianza kazi, chovya mkia kwenye grisi kidogo, kama punje ya mchele, halafu chomeka hadi usikie imeshika. Anza polepole mpaka biti ijipatie kitako, kisha achia nguvu zote za drili, lakini mwili wako usiuegemeze. Ukisukuma sana unazuia biti isiteleze, na isipoteleza haigongi. Mwalimu wangu alikuwa akinipiga begani kila aliponiona nimeinama. Alitaka nisikie sauti. Kwenye zege sauti ni nzito na vumbi linatoka la kijivu bila kukoma. Ikibadilika ghafla kuwa kali na nyembamba, vumbi likakoma au ukaona vichembe vinavyong'aa, umefika kwenye nondo. Simama hapo hapo. Sogeza tundu, usishindane nayo: nondo za nguzo na boriti ndizo zinazobeba jengo, na hakuna rafu yenye thamani ya kukata hata moja. Kama mahali hapahamishiki, muulize mhandisi kwanza.

Na maji, mwanangu, hapana. Kabaidi iliyopata moto ikizamishwa ghafla inapasuka nyufa usizoziona, ndiyo maana ilimegeka uliporudi. Iache ipoe kwa hewa, itoe na kuirudisha tunduni mara kwa mara ili vumbi litoke. Tundu la milimita 10 kwenye zege kwa biti sahihi halipaswi kufika dakika moja. Likifika dakika mbili, kuna kitu umekosea au biti imekwisha.

*Habari Mama Fundi. Drili ya nyundo ninayo, biti mpya zenye mkia wake ninazo, lakini bafuni nimepasua vigae viwili, na kwenye ukuta wa matofali yenye matundu plagi, ile ya plastiki ya kushikia skrubu, inazunguka tu ndani, haishiki. Biti mbovu? – Dada wa vigae*

Biti ni nzima, dada yangu. Nyundo ndiyo iliyokuponza. Kwenye ubavu wa drili kuna kitufe cha kuzungusha chenye picha: biti peke yake, biti na nyundo, na nyundo peke yake. Kwa kigae weka kwenye biti peke yake, na utumie biti ya vigae yenye ncha kama mkuki au ile ya almasi. Kiungo nilichomkataza mwenye rafu, hapa ndipo mahali pake. Bandika kipande cha selotepu ili ncha isiteleze, nenda polepole, bila haraka hata kidogo. Ukishapita kigae na kufika kwenye ukuta wenyewe, badilisha biti ndipo uwashe nyundo. Plagi isukume hadi ivuke kigae chote, maana ikipanukia ndani ya kigae itakipasua siku unayokaza skrubu.

Tofali lenye matundu lina kuta nyembamba ndani. Nyundo inazibomoa kwa nyuma, unabaki na shimo kubwa usiloliona. Toboa bila nyundo, kisha utumie plagi za kuta zenye uwazi, zile zinazojikunja fundo kwa nyuma unapokaza skrubu.

*Mama Fundi, plagi yangu imeandikwa 8 na boliti ya kupanuka imeandikwa M10. Biti za ukubwa gani? Fundi mmoja aliniambia nitumie ndogo kidogo ili zibane. – Anayeanza kazi*

Plagi ya 8, biti ya 8. Boliti ya kupanuka ya M10 ambayo mwili wake ndio unaoingia tunduni, biti ya 10. Yenye gamba la nje hutaka tundu pana zaidi, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye pakiti. Usipunguze. Kichwa cha biti mpya kimeshazidishwa kidogo kuliko namba iliyoandikwa, kwa makusudi, na kadiri kinavyolika ndivyo kinavyopungua. Ndiyo maana biti iliyozeeka inakupa tundu ambalo plagi inagoma kuingia. Ikigoma hivyo, biti imekwisha, usiilazimishe plagi kwa nyundo.

Tundu lizidi urefu wa plagi kwa milimita 10, ili vumbi linalobaki lipate pa kukaa. Kisha lisafishe. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo niliwahi kufunga vishikio vya bomba kwa gundi ya kemikali kwenye matundu niliyopuliza mara moja tu kwa haraka. Siku ya tatu kishikio kimoja kikatoka mkononi mwangu kikiwa na gundi yake nzima, imevaa vumbi kama kitumbua kilichozungushiwa unga. Gundi ilikuwa imeshika vumbi, haikushika ukuta. Tangu hapo napuliza kwa pampu, nasugua kwa brashi ya mviringo, napuliza tena, na narudia mpaka tundu lisitoe kitu.

Lakini usipulize kwa mdomo, na usitoboe bila barakoa ya vumbi laini. Vumbi la zege na tofali lina silika, na ile laini isiyoonekana inaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huja baada ya miaka, wakati hakuna cha kurudisha. Kama unaweza, weka mashine ya kunyonya vumbi mdomoni mwa tundu. Kwa anayetoboa kila siku, zipo biti zenye mwili wa uwazi zinazounganishwa na mashine hiyo, vumbi likanyonywa kupitia ndani ya biti yenyewe na tundu likabaki safi.

*Naweza kunoa biti ya zege iliyokuwa butu? – Msomaji*

Ya makali mawili inanoleka kwa jiwe la kijani la kunolea kabaidi au la almasi. Jiwe la kawaida la kunolea visu litaisha kabla ya biti. Ila pima kona zake za nje kwanza. Zikiwa zimelika, kunoa ncha hakurudishi upana, na plagi itagoma vile vile. Ya makali manne sinoi. Mimi nina kopo la biti zilizopungua upana, na nazitumia pale kipimo hakina maana, kama vile kupitisha waya ukutani, hadi siku zitakapoacha kutoa vumbi.