Kabla hujachora rampu, pima levo (kwa vijana mnaoanza kazi za ujenzi Kampala)

Wadogo zangu mnaotoka chuo, mnakuja saiti mkijua kuweka ile alama ya mtu kwenye wilchea pale kwenye plani, na hiyo ni sawa, lakini jengo haliwashindi watu kuingia kwa sababu mtu alisahau alama. Linawashinda kwa sababu ya levo, yaani sakafu iko juu kiasi gani kuliko ardhi ya nje. Fundi anainua sakafu ili maji yasiingie, na kwa hivi vilima vyetu mvua ikishuka haina utani, basi mbele kunabaki ngazi tatu, na hapo ndio mtu anakumbuka kuuliza eti rampu, ile njia ya mteremko ya kupandia bila ngazi, itakaa wapi. Wakati huo nafasi imeshaisha.

Fanyeni hesabu. Mteremko ambao watu wengi wanaujengea ni 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu ikiwa juu kwa sentimita 45 unahitaji mita 5.4 za rampu, afu uongeze pumziko, yaani sehemu tambarare, la mita 1.5 chini na lingine juu, tayari uko mita 8 na kitu. Mwenye jengo amebakiza mita 3 kati ya mlango na barabara. Ukimwachia fundi atakutengenezea rampu kwenye hizo mita 3, itakuwa karibu 1:7, aibandike na tailizi zinazong'aa, na siku ya mvua hata askari wa geti mwenye miguu yake yote mzima hatapita hapo.

Kwa hiyo kabla msingi haujachimbwa, chukua ule mpira wa maji unaoona ndani, wa kupimia levo, wewe na fomeni, msimamizi wa mafundi, mpime kutoka ukingo wa barabara mpaka pale sakafu itakapokuwa. Uliza maswali mawili tu, sakafu inaweza kushuka? au ardhi ya nje inaweza kupanda? Mara nyingi ya pili inawezekana. Unajaza mbele, unaweka pevingi, yale matofali ya kutandaza nje, kwa mteremko mpole wa 1:20 au chini ya hapo, na watu wote wanaingia mlango mmoja bila hata reli za kushikilia. Maji unayakamata kwa mtaro unaokatiza mbele ya mlango na juu yake grili. Lakini angalia vile grili inavyolazwa: vyuma vyake vikatize njia ya mtu, visielekee anakoenda, na uwazi kati yake usizidi milimita 13 hivi, la sivyo zile gurudumu ndogo za mbele za wilchea zinazama, na ncha ya fimbo ya asiyeona inazama vilevile.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, kuna ile ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Zisomeni, mtaulizwa. Ila kwa uzoefu wangu mwenye jengo ukimtajia sheria anaitikia tu "ndiyo injinia" na mambo yanaishia hapo, lakini ukimuuliza siku ya ufunguzi mzee wako mwenye goti bovu atapandia wapi, anaanza kupiga simu mwenyewe.

Jambo ambalo vitabu vya nje havitawaambia ni kwamba hapa watu wengi hawana ile wilchea ndogo ya hospitali. Wanatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ndefu, nzito, na haigeuki ndani ya duara la mita 1.5 hata ufanye nini. Sasa ukitumia kipimo cha kitabu peke yake utamfikisha mtu mpaka mlangoni halafu arudi kinyumenyume. Weka sehemu ya kuiegesha karibu na mlango, penye paa, na benchi ya kuhamia.

Na wapo wanaotambaa. Hili watu wanaona aibu kulisema kwenye mkutano wa saiti lakini choo lazima ukifikirie kwa mtu ambaye mikono yake ndio inakanyaga sakafu. Choo cha shimo cha shule, kwa mfano: mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, kiti kilichoinuliwa juu ya tundu, reli pande zote mbili, na sakafu inayokauka haraka, isiyobakisha dimbwi. Ufunguo je? Nimeona vyoo vizuri kabisa vikageuka stoo ya mafagio na rangi kwa sababu ufunguo anao mtu mmoja na yuko kijijini.

Reli mkizitengenezea Katwe, kule kwa mafundi wa vyuma, waambieni welda mapema ncha zisiishie hewani kama mkuki, zikunjwe ziingie ukutani au zishuke chini, na zipite mwisho wa rampu kwa sentimita 30. Kati ya reli na ukuta mkono upate sentimita 5. Wao wanajua kazi, ila wasipoambiwa wanakata palipoishia chuma.

Bodaboda sasa. Utaambiwa weka vinguzo kwenye njia ya miguu zisipande. Lakini uwazi unaopitisha wilchea, sentimita 90 na zaidi, unapitisha na boda bila shida, na ukiubana umemfungia nje yule uliyekuwa unamjengea. Mimi naona dawa iko kwa mwenyekiti wa steji, pale boda zinaposubiri abiria, mtafute kabla ya kumwaga zege, mkubaliane steji ikae wapi, mchoree hiyo nafasi kwenye plani kabisa.

Vile vigae vya vinundu na mistari vya wasioona, vilianzia Japani, Seiichi Miyake ndiye aliyevibuni na vikawekwa kwanza Okayama mwaka 1967. Mistari inasema endelea, vinundu vinasema simama. Mapota, wale vibarua wa saiti, wakivipanga kama mapambo, na wanafanya hivyo, mtu anaongozwa mpaka kwenye nguzo ya umeme. Simama nao siku hiyo. Kwa wenye uoni hafifu na wenye ualbino punguza mng'ao, na ukingo wa kila ngazi uwe na rangi tofauti na ngazi yenyewe. Asiyesikia anataka mwanga upige uso wa mtu wa mapokezi, dirisha lisikae nyuma yake.

Mwisho kabisa, kabla fundi hajalipwa pesa yake ya mwisho, alika watu wawili watatu wanaotumia hivyo vitu kila siku, wapite kutoka barabarani mpaka chooni na warudi, na wewe uwalipe nauli na muda wao maana hiyo ni kazi. Wewe kaa nyuma na daftari, usiwaelekeze njia.